Neno Ndani ya Neno: Mjadala wa Herufi na Silabi

Mchezo wa kuunda maneno mafupi kutokana na herufi za neno refu una kanuni chache. Huchaguliwa neno moja, ambalo hapa litaitwa neno mama, na wachezaji huchopoa ndani yake maneno mengine, kila herufi ikitumika mara zile tu ilizojitokeza katika neno mama na mpangilio wake ukiwa huru kubadilika. Ikiwa herufi zote zimetumika na neno jipya limepatikana, tokeo hilo huitwa anagramu. Huko Ufaransa mchezo wa aina hii uliingia kwenye televisheni mwaka 1965, Uingereza ikafuata mwaka 1982, na katika nchi za Kiswahili unafahamika zaidi madarasani na katika kurasa za chemsha bongo. Lakini kanuni zinazotumiwa kwa Kiswahili mara nyingi ni zile zile zilizobuniwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na ni nadra mtu kuuliza kama zinakifaa. Mjadala ufuatao unaliuliza swali hilo kwa kukutanisha sauti 4: Mwalimu wa shule ya msingi, Mwanaisimu, Mhariri wa kamusi na Mshairi wa mashairi ya arudhi. Hao ni sauti za hoja, si watu mahususi, ingawa kila aliyewahi kukaa na watu wa kazi hizo atazitambua hoja zao.

Mwalimu ndiye anayefungua, kwa neno mama analolitumia zaidi, yaani mwalimu lenyewe, lenye herufi 7: m, w, a, l, i, m na u. Wanafunzi, asema, hawakawii kuona wali, uma, ua, lia na ila. Baadaye kidogo hutokea mwali, umia na mlima, na mwenye subira huifikia imamu, ambayo wengi huikosa. Ila hazina yenyewe, kwa maoni yake, imo katika herufi 4 zinazofuatana katikati ya neno hilo, a, l, i na m, kwani hizo peke yake zinatoa lima, mali, mila, lami na imla: kazi ya shambani, utajiri, desturi, ile rojo nyeusi inayotandazwa barabarani, na zoezi la kuandika yanayosomwa kwa sauti. Mtoto aliyeyapata yote 5, aongeza, ameshika herufi zile zile mara 5 na kila mara zimempeleka mahali pengine.

Mwanaisimu anaomba mfano huo usipitwe haraka, na ana haki ya kuomba, kwa sababu una jambo ambalo orodha ndefu za maneno huficha. Herufi 4 tofauti zinaweza kupangwa kwa njia 24, lakini mchezaji wa Kiswahili hana haja ya kuzipitia zote, kwa kuwa silabi nyingi za lugha hii ni silabi wazi, maana yake huishia kwa vokali (ambayo Kenya huitwa zaidi irabu), na umbo la kawaida la neno fupi ni konsonanti, vokali, konsonanti, vokali. Konsonanti 2 na vokali 2 zikiwekwa katika umbo hilo hutoa mipangilio 4 tu, nayo ni lima, lami, mila na mali. Yaani kila nafasi ambayo umbo hilo liliiacha wazi imejazwa na neno lenye maana, hakuna hata moja iliyobaki tupu. Imla imeingia kwa njia nyingine: silabi yake ya kwanza, im, ni silabi funge, inayoishia kwa konsonanti, na silabi za namna hiyo hupatikana hasa katika maneno yaliyotoka Kiarabu na lugha nyingine za kigeni. Kutokana na hayo Mwanaisimu anatoa kanuni inayomfaa kila mwenye kuchagua neno mama, kwamba mavuno hutegemea vokali kuliko urefu wa neno. Isipokuwa pale m au n inaposimama peke yake kama silabi, kama ilivyo m ya mlima, kila silabi hudai vokali yake, hivyo neno lenye vokali 3 zinazotofautiana, kama mwalimu au kitabu, huzaa sana, na neno kama mkwe, lenye vokali moja, huwa gumba.

Hapo ndipo Mshairi anapoingilia, na pingamizi lake si dogo. Kwake yeye herufi ni chombo cha karatasi, na mchezo unaoivunja silabi umezaliwa katika lugha ambazo silabi zake hubanana konsonanti mwanzo na mwisho, ambamo mchezaji hana budi kuhesabu herufi kwa kuwa hana kingine cha kuhesabu. Waswahili, asema, wamechezea maneno yao tangu kale, lakini walichezea silabi. Anatoa ushahidi wa aina mbili. Wa kwanza ni Kinyume, lugha ya mafumbo ya pwani ambayo Edward Steere, mmisionari aliyekaa Zanzibar katika karne ya 19, aliandika habari zake: silabi ya mwisho ya neno huhamishiwa mwanzo, hivi kwamba mgeni huwa nimge na kitabu huwa bukita, na asiyejua siri hiyo hubaki akisikia sauti tupu. Wa pili ni ushairi wenyewe, ambao kipimo chake ni mizani, yaani idadi ya silabi katika mshororo, kwa kawaida 16 katika shairi ambalo mshororo wake hugawanyika vipande viwili, ukwapi na utao, na 8 katika utenzi. Hakuna mtunzi anayehesabu herufi, na m ya mtu hupewa mizani yake kamili kwa kuwa sikio huisikia ikisimama. “Bi Mwalimu,” asema, “mtoto anayeambiwa aipasue li ili apate l na i ameambiwa apasue kitu ambacho kinywa chake hakijawahi kukipasua. Mpe silabi, aone kama mchezo utapungua utamu.”

Mwalimu hakatai kujaribu. Neno mama mwalimu likigawanywa mwa, li na mu hutoa mwali na kisha hukauka, jambo ambalo linaonekana kumaliza ubishi, lakini Mshairi analeta neno lake mwenyewe, karatasi, na silabi zake 4, ka, ra, ta na si, zinatoa karata, kata, taka, kasi, rasi na sita, maneno 6 ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza aliyejifunza kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu anaweza kuyatunga kwa vipande vya karatasi bila kuandika chochote. Kisha Mwalimu anarudisha herufi mezani na neno hilo hilo linatoa sakata na tarika, ambazo hakuna namna ya kuzipata kwa silabi, kwa kuwa karatasi haina sa wala ri.

Hoja inayogusa mzizi wa jambo hili ni ya Mwanaisimu. Anakubali kwamba silabi ndiyo kipimo cha ulimi na sikio, lakini anakana kwamba lugha yenyewe haiivunji. Katika kitenzi lima, sehemu inayobeba maana ni lim, inayoitwa mzizi, na mzizi huo unaikata silabi ma katikati, ukichukua m na kuiacha a nje. Ndiyo maana msemaji husema alima shambani, lakini husema pia ni lazima alime na leo halimi: vokali ya mwisho peke yake hubadilika ili kuonyesha kama jambo linasemwa, linaamriwa au linakanushwa, huku konsonanti iliyo kabla yake ikibaki pale pale. Mtoto wa miaka 4 ambaye hajawahi kuona herufi hufanya upasuaji huo mara nyingi kwa siku na hakosei. “Kwa hiyo, Mzee,” amwambia Mshairi kwa heshima, “kinywa kimekuwa kikiipasua ma tangu zamani, kilichokosekana ni kukipa nafasi ya kujiona kikifanya hivyo.” Mshairi anajibu kwamba hakuna anayeitamka lim peke yake ikaeleweka, na jibu hilo ni sahihi, lakini halitoshi, kwani kutotamkwa peke yake hakuondoi ukweli kwamba kipande hicho kinatenda kazi. Katika suala hili Mwanaisimu ana nguvu zaidi. Mchezo wa herufi hauendi kinyume na Kiswahili. Unafikia tabaka ambalo mchezo wa silabi unalipita juu juu, na hivyo hakuna sababu ya kuufuta mmoja kwa ajili ya mwingine, bali kuutanguliza wa silabi kwa anayeanza kusoma na kuuleta wa herufi baadaye.

Ushindi huo wa herufi unaleta papo hapo swali gumu, nalo ni herufi moja ni ipi. Mwalimu anaeleza kwamba neno mama shamba hugawa darasa makundi mawili. Kundi moja huona shaba na kuendelea kutafuta kwa shida. Kundi la pili huipasua sh ikawa s na h, na kwa ghafla hupata saba, hasa na hama. Vivyo hivyo ng'ombe, ambayo ikivunjwa hutoa ngome na bonge, huku alama ya ritifaa, yaani ule mkwaju mdogo unaofuata g, ikitupwa kana kwamba haikuwapo. Mhariri, ambaye kazi yake ya kila siku ni kupanga maneno kwa alfabeti, anaona makundi yote mawili yana la kusema, kwa sababu kompyuta na mashine za uchapaji huihesabu sh kuwa herufi 2.

Mwanaisimu na Mshairi, ambao hadi hapa walikuwa pande mbili, sasa wanasimama pamoja. Wa kwanza anasema sh ni sauti moja, na s inayosikika katika saba haimo kabisa katika shamba, kama vile sauti ya kwanza ya ng'ombe, inayotoka puani peke yake, isivyokuwa ile ya ngome, ambamo g husikika waziwazi. Wa pili anakumbusha historia: kwa karne kadhaa kabla ya hati za Kirumi kuenea, Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu, na katika hati hizo sh ni herufi moja, shini, na th, dh, gh na kh kila moja ina herufi yake. Kuziandika kwa herufi mbili mbili ni makubaliano ya uandishi wa Kirumi, uliopewa umbo lake sanifu baada ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuundwa mwaka 1930 na lahaja ya Kiunguja kuwekwa kuwa msingi. Mtu anayeivunja sh katika mchezo, asema, anachezea uamuzi wa wachapaji, na lugha ameiacha kando. Hoja hii inapaswa kukubaliwa bila masharti. Kanuni ya mchezo wa Kiswahili iwe kwamba ch, sh, th, dh, gh, kh, ny na ng' ni kipande kimoja kimoja kisichogawanyika, hata kama saba na hasa zitapotea, kwa sababu mtoto anayejifunza kuzitenganisha leo ndiye atakayeandika ng'ombe bila ritifaa kesho.

Baada ya herufi, neno. Mhariri anashika usukani, kwa kuwa hili ni eneo lake, na anaanza na mfano uliokuwa mbele ya macho ya wote tangu mwanzo bila kutajwa: ndani ya mwalimu mna walimu. Ondoa m moja tu, na wingi wa neno unabaki umekamilika. Je, huo ni ugunduzi au ni neno lile lile limebadilishwa nguo? Kwa Mhariri jibu linatokana na kitomeo, yaani neno linaloandikwa mwanzoni mwa maelezo katika kamusi, na kamusi za Kiswahili, kuanzia Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981 hadi Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ya mwaka 2015, huweka nomino katika umoja na kudokeza wingi pembeni. Hivyo walimu isihesabiwe. Anaonya pia juu ya vitenzi. Neno nitakulimia ni neno moja katika maandishi, lakini ndani yake mna mtendaji (ni), wakati ujao (ta), mtendewa (ku), mzizi (lim), kiambishi cha kutendea (i) na kiishio (a), yaani kitu ambacho lugha nyingine zingekiandika kuwa sentensi. Na kutokana na herufi zake hutoka nitalima, nikilima na tukalima, na baada ya hizo nyingine nyingi kwa utaratibu ule ule. Kila kinachonyambulika kikipokelewa, asema, mchezo haumaliziki, na mshindi atakuwa yule mwenye kalamu ya haraka.

Mwalimu hakubaliani kuhusu walimu. Anasema mtoto aliyeiona ameelewa kwamba umoja na wingi wa ngeli hiyo hutofautiana mwanzoni mwa neno, na kumnyima pointi ni kumwadhibu kwa kuelewa. Anaongeza mfano unaomtia Mhariri mashakani: mwali, kwa maana ya msichana aliyevunja ungo, wingi wake ni wali, na wali kwa maana ya mchele uliopikwa ni kitomeo kamili; basi mtoto anayeandika wali apokelewe akiwa na chakula mawazoni na akataliwe akiwa na wasichana? Mhariri anakiri kwamba karatasi haiwezi kuonyesha tofauti hiyo. Kwa upande wa vitenzi, hata hivyo, Mwalimu anasalimu amri, kwa kuwa ameshaona zoezi la namna hiyo likigeuka orodha ya nyakati na nafsi. Suluhisho lenye busara linaonekana kuwa katikati: wingi wa nomino ukubaliwe, vitenzi vikubaliwe vikiwa na mzizi na kiishio au vikinyambuliwa kwa kauli zinazotajwa na kamusi, kama limwa ambayo nayo imo katika mwalimu, na vile vyenye viambishi vya nafsi na wakati viachwe.

Mfano ambao Mshairi anaupenda kuliko yote ni wa kitabu, na hapa hata yeye anausifu mchezo wa herufi. Herufi 6 za kitabu zikipangwa upya hutoa katibu, anagramu kamili, na maneno hayo mawili hayakukutana kwa bahati. Yote yametoka Kiarabu, katika mzizi wa konsonanti k, t na b unaohusu kuandika, ambao umezaa pia maktaba, kwa kuwa Kiarabu huunda maneno mapya kwa kubadilisha vokali zinazozizunguka konsonanti. Maneno ya Kibantu hayafanyi hivyo: lima huzaa mkulima, kilimo, limia na limisha kwa kuongeza viambishi mbele na nyuma, na lim haivurugwi. Basi mchezaji anayevuruga herufi za neno lenye asili ya Kiarabu huweza kuangukia ndugu yake wa damu, ilhali anayevuruga herufi za neno la Kibantu hupata wageni waliofanana sura. Mwanaisimu anaongeza tahadhari moja, kwamba mali, mila na imla zote zina asili ya Kiarabu na zote zina m na l, lakini hazina uhusiano wa maana, kwa hiyo kufanana kwa herufi kunamtaka mtu achunguze, hakumpi ruhusa ya kuhitimisha.

Swali la maana linaibuka kwa namna nyingine pale Mshairi anapomtaja Nigel Richards, mchezaji wa Scrabble kutoka New Zealand, ambaye mwaka 2015 alishinda ubingwa wa dunia wa mchezo huo kwa Kifaransa bila kuzungumza Kifaransa, akiwa amekariri orodha ya maneno yanayoruhusiwa, na mwaka 2024 akafanya vivyo hivyo kwa Kihispania. Kwa Mshairi hilo linathibitisha kwamba mchezo wa herufi unaweza kuchezwa na mtu aliye nje ya lugha kabisa. Mhariri anauheshimu uwezo huo wa kumbukumbu, ambao kwa kweli ni wa ajabu, lakini anakiri kwamba orodha bila fasili ni nusu ya kamusi. Mwalimu anasema ndiyo maana darasani kwake neno halihesabiwi mpaka aliyelitoa alitumie katika sentensi, kwani mtoto hujaribu kila mpangilio na mara nyingine hupatia asichokijua: akiandika mwia kwa kubahatisha, hana budi kujua kwamba ni mtu anayemdai mwingine, au alifute. Sharti hilo linafaa kubaki hata nje ya shule. Linapunguza kasi, ni kweli, lakini linaurudisha mchezo mikononi mwa wasemaji.

Inabaki habari ya vipande vyenyewe, pale mchezo unapohama kutoka neno mama moja na kuwa sanduku la herufi. Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyepoteza kazi wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, alipobuni mchezo ambao mwaka 1948 ulipewa jina la Scrabble, alihesabu herufi katika kurasa za magazeti ya Kiingereza ili ajue kila herufi itengenezewe vipande vingapi, na matokeo yake ni sanduku la vipande 100 lenye E 12, A 9 na K moja tu yenye pointi 5. Mhariri anaeleza kinachotokea sanduku hilo likifunguliwa na Waswahili: K, ambayo imo katika ngeli ya ki, katika ku ya kitenzi na katika maneno ya kila siku, huwa adimu kama dhahabu, kuku na kaka haziandikiki bila kutumia kipande kitupu, Q na X hazina kazi, na C hungoja H ili isomeke.

Mwalimu anapendekeza hesabu ifanywe upya kwa Kiswahili, kwa njia ile ile ya Butts. Mwanaisimu anauliza ihesabiwe wapi, kwa kuwa gazeti limejaa vitenzi vyenye viambishi vya nafsi na wakati, ambavyo kanuni iliyokubaliwa hapa imeviondoa, na hesabu yake itazidisha vipande vya herufi ambazo wachezaji hawatazihitaji kwa wingi huo. Kamusi nayo hulihesabu neno adimu sawa na neno la kila siku. Mhariri, baada ya kusita, anakubali kwamba kamusi yake haitoshi, na kwamba kinachotakiwa ni maandishi yanayosomwa na watu, vitenzi vyake vikiwa vimevuliwa viambishi hivyo kwanza, huku ch na sh zikihesabiwa kila moja kwa kipande chake. Mshairi anaomba mashairi yasiachwe nje ya hesabu hiyo, na hakuna anayempinga.